Kugawa Meza ya Bwana kwa Kabila Si Jambo Dogo

Wapo Wakristo wema, watu wanaotoa ahadi zao kwa wakati na kuimba kwaya, wanaoamini kwamba ukabila ni dhambi ya wanasiasa na haihusu imani. Ukiwaambia kwamba mtaa fulani wa kanisa unataka kujitenga kwa sababu ya kabila, watakujibu: "Mchungaji, hilo ni jambo la utawala tu. Tusilikuze." Nimeandika makala hii kuwapinga. Nawapinga kwa upendo, lakini nawapinga kabisa, kwa kuwa Kanisa letu la Kilutheri limekwisha kulitolea hukumu jambo hilo, tena hukumu hiyo ilitolewa hapahapa Tanzania.

Nianze na jambo lenyewe, maana si la kufikirika. Katika usharika ninaouhudumia hapa mkoani Singida, baadhi ya washarika wa mtaa mmoja wameleta barua kwa Baraza la Wazee wakiomba mtaa wao ugawanywe uwe miwili. Sababu walizoandika ni tatu: umbali, lugha ya wazee wasiokijua vizuri Kiswahili, na kudumisha amani. Kuhusu umbali, kiwanja kinachopendekezwa kwa kanisa jipya kipo ng'ambo ya pili ya barabara. Bibi mwenye mkongojo hatumii dakika kumi kufika. Kengele ya kanisa moja itasikika ndani ya jingine katikati ya mahubiri. Kuhusu amani nitasema baadaye. Chini ya barua kuna sahihi, na kila mtu aliyekulia kwetu anajua kusoma majina. Waliosaini ni kabila moja. Walioachwa bila kuombwa kusaini ni makabila mengine, wakiwemo wale tunaowaita "wa kuja", waliofuata mashamba ya alizeti na vitunguu miaka ishirini na zaidi iliyopita na ambao watoto wao wamebatizwa na kupata kipaimara mikononi mwetu. Sitayataja makabila hayo. Ukibadilishana majina yake, barua ingekuwa ileile.

Tangu nilipoonyesha kwamba siiungi mkono barua hiyo, bahasha za ahadi za baadhi ya nyumba zimekuwa zikirudi tupu. Mavuno ya mwaka huu hayakuletwa magunia ya alizeti tuliyozoea kutoka upande ule. Nimeambiwa kwa upole, na mzee ninayemheshimu kama baba yangu, kwamba mchungaji mwenye busara huwasikiliza watu wake. Nimemsikiliza. Sasa naomba naye anisikilize, pamoja na wote watakaosoma kitabu hiki.

Wengi wetu tulifundishwa kwamba ubaguzi wa Makaburu wa Afrika Kusini ulianza mwaka 1948, chama chao kiliposhinda uchaguzi na kuanza kutunga sheria zake. Ni kweli kwamba sheria nyingi zilitungwa baada ya hapo. Lakini mojawapo ya mizizi yake ni ya zamani zaidi, na haikuota bungeni. Iliota kanisani, kwenye Meza ya Bwana.

Mwaka 1829 sinodi ya Kanisa la Kireformati la Kiholanzi huko Cape iliulizwa kama waumini weusi washiriki Chakula cha Bwana pamoja na Wazungu. Ilijibu sawasawa: Chakula cha Bwana kitolewe kwa washiriki wote kwa pamoja, bila kujali rangi wala asili. Huo ndio ulikuwa msimamo wa Kanisa. Miaka 28 baadaye, mwaka 1857, sinodi ya Kanisa hilohilo ilikutana tena, na safari hii malalamiko ya washarika Wazungu yalikuwa yamezidi. Sinodi ikatamka jambo la ajabu. Kwanza ilikiri kwamba ni vema, na ni sawasawa na Maandiko, waongofu wapokelewe katika sharika zilizopo. Kisha ikaongeza kwamba mahali ambapo udhaifu wa baadhi ya watu unaizuia kazi ya Kristo, waongofu hao wanaweza kuabudu katika jengo lao wenyewe.

Tulitazame neno hilo, udhaifu. Hakuna mjumbe aliyesimama kusema kwamba mtu mweusi si mtu. Hakuna aliyefundisha kwamba Biblia inaamuru kutengana. Walikiri kwamba inaagiza kinyume. Walichofanya ni kuwahurumia wadhaifu, yaani wale ambao roho zao zilisumbuka kunywa kikombe kimoja na mtumishi wa shambani. Walitoa ruhusa ndogo ya kiutawala. Mwaka 1881 ruhusa hiyo ilikuwa imekuwa kanisa zima la pekee kwa ajili ya waumini wasio Wazungu. Na ilipofika mwaka 1949 serikali ilipopiga marufuku ndoa kati ya Wazungu na wengine, haikulazimika kuwaelimisha Wakristo wa nchi ile kuhusu kutengana. Vizazi vitatu vilikuwa vimekwisha kujifunza Jumapili hadi Jumapili kwamba hata mbele za Mungu kila watu wana mlango wao.

Kuna jambo jingine ambalo wasomaji wengi hawalijui, na ndilo linalotuhusu zaidi sisi ambao hatuna Makaburu. Ubaguzi ule haukuishia kwa mweupe na mweusi. Waafrika wenyewe waligawanywa kwa kabila. Waxhosa walitengewa Transkei na Ciskei, Watswana wakatengewa Bophuthatswana, Wavenda wakatengewa Venda, na wengine vivyo hivyo mpaka maeneo yakafika kumi. Manne kati ya hayo yalitangazwa kuwa "nchi huru" kati ya mwaka 1976 na 1981, na hakuna taifa lolote duniani lililozitambua ila Afrika Kusini iliyozitengeneza. Bophuthatswana haikuwa hata na eneo moja lililoungana. Ilikuwa vipande vilivyotawanyika kama shuka iliyoliwa na panya. Mtu aliyezaliwa Johannesburg, ambaye hata mama yake alizaliwa Johannesburg, aliambiwa kwamba yeye ni raia wa mahali ambapo hajawahi kukanyaga. Na sababu zilizotolewa zilikuwa za kupendeza sana masikioni: kila kabila lipate kuendelea kwa lugha yake, kwa mila zake na kwa viongozi wake, kwa amani.

Nchi hiyo iliyogawanywa ilifikia mwisho wake nilipokuwa kidato cha pili katika shule ya bweni mkoani kwetu. Tarehe 26 Aprili 1994 ilikuwa sikukuu ya Muungano, miaka 30 kamili, na Redio Tanzania ilikuwa imejaa sherehe. Kesho yake, tarehe 27, Waafrika Kusini wa rangi zote wakapiga kura pamoja kwa mara ya kwanza. Mwalimu wetu wa historia alikuwa na redio ya betri, na betri zenyewe zilikuwa zimechoka, kwa hiyo tulizianika juani mchana kutwa ili jioni zituvushe taarifa ya habari. Tulisikia habari za foleni zilizozunguka vilima, za vizee waliobebwa, za watu waliosimama tangu alfajiri na hawakuondoka. Siku hiyohiyo yale maeneo kumi yalifutwa yote, yakarudi kuwa nchi moja. Mwalimu alituambia tufungue madaftari kwenye ramani ya Afrika Kusini tuliyokuwa tumechora muhula uliopita, tukaambiwa tufute Transkei, tufute Bophuthatswana, tufute Venda. Tulifuta kwa raba. Ramani za penseli zilifutika. Mimi nilikuwa nimechora kwa wino, kwa hiyo nikatoboa karatasi.

Furaha ile tuliiona kuwa yetu, na tulikuwa na haki. Jirani zetu wa Kongwa, mkoani Dodoma, walikaa na kambi za wapigania uhuru tangu mwaka 1964. Kule Mazimbu, Morogoro, ANC walijenga shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa mwaka 1979. Shule hiyo ilikabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1992, na leo watoto wetu wanasoma pale kama kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, iliyokuwa na makao yake Dar es Salaam tangu mwaka 1963, ilifunga kazi yake mwaka huohuo wa 1994. Tulikuwa wanafunzi wa kata isiyo na umeme, lakini hatukujiona watazamaji.

Haikupita hata wiki, redio ileile ikaleta habari nyingine. Kati ya tarehe 28 na 29 Aprili watu wanaokadiriwa kuwa robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara wakitoka Rwanda. Mauaji yalikuwa yameanza baada ya ndege ya Rais Habyarimana kutunguliwa usiku wa tarehe 6, akirudi kutoka mkutano uliofanyika Dar es Salaam. Watu wengi mno waliuawa wakiwa ndani ya makanisa, walikokimbilia kwa sababu waliamini kwamba pale hawataguswa. Nyarubuye, mojawapo ya makanisa hayo, haiko mbali na mpaka wetu.

Tangu wiki ile sijaweza kuamini kwamba mgawanyo wa watu ni jambo la utawala tu. Mataifa mawili ya Afrika, yote mawili yamejaa Wakristo, yalikuwa yamegawanywa kwa uangalifu mkubwa na wakubwa wao; moja lilikuwa likiuacha mgawanyo huo kwa karatasi za kura, na jingine likiutekeleza kwa panga, katika siku zilezile za Aprili.

Sasa kuna ndugu ataniuliza: "Je, Wanyarwanda hawakuwa wakishiriki Meza moja?" Ni swali zuri, na halipaswi kukwepwa. Ndiyo, walishiriki. Mtu aliyekuja na panga siku ya Ijumaa huenda alipiga magoti jirani na yule aliyemkata. Kwa hiyo sisemi kwamba Meza moja ni hirizi. Lakini angalieni tofauti. Katika Rwanda, kitambulisho cha kila raia kiliandikwa kabila lake tangu miaka ya 1930 chini ya Wabelgiji, na serikali huru ikaendelea kuandika. Makanisa, kwa sehemu kubwa, yaliona hilo kuwa la serikali. Yalikuwa na shule, hospitali na ukaribu na watawala, na hayakusimama hadharani kusema kwamba neno lile kwenye kitambulisho linapingana na ubatizo. Wapo watumishi walioficha watu wakafa nao, na tunamshukuru Mungu kwa ajili yao. Wapo pia waliohukumiwa na Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha: Mchungaji Elizaphan Ntakirutimana mwaka 2003, Padri Athanase Seromba mwaka 2006. Meza ilikuwa moja, na watu wakaachwa waamini kwamba Meza hiyo haina neno la kusema kuhusu kabila.

Kwa Afrika Kusini neno lilisemwa. Lilichelewa, lakini lilisemwa, na hapa ndipo sisi Waluteri wa Tanzania tunapoingia.

Juni 1977 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilifanya Mkutano Mkuu wake wa sita Dar es Salaam, wa kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika. Askofu wetu Josiah Kibira wa Bukoba alichaguliwa kuwa Rais wa Fungamano, Mwafrika wa kwanza katika nafasi hiyo. Mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu watoto wa shule wapigwe risasi Soweto. Mkutano ule ulisema hivi, kwa maneno yangu mimi: kwa kawaida Wakristo wanaweza kutofautiana katika mambo ya siasa na wakabaki ndugu, lakini hali ya kusini mwa Afrika imefika mahali ambapo imekuwa jambo la ukiri wa imani, na kwa sababu hiyo makanisa yanapaswa kuukataa mfumo ule hadharani, bila kigugumizi.

Tusome polepole hapo. Hawakusema kwamba ubaguzi wa rangi ni siasa mbaya, kila mtu alikuwa anasema hivyo. Walisema kwamba kanisa linalouvumilia linaacha kulikiri lile linalolikiri katika Imani ya Mitume, kwamba Kanisa la Kristo ni moja. Na halikubaki tamko la kwenye karatasi. Mwaka 1984, katika Mkutano Mkuu wa Budapest, Kibira akiwa bado Rais, makanisa mawili ya Waluteri Wazungu wa kusini mwa Afrika yalisimamishwa uanachama, kwa kuwa yalishindwa kuukataa ubaguzi na kuungana na ndugu zao weusi. Walikuwa Waluteri wenye Katekisimo Ndogo ileile tunayokariri sisi, na liturujia yao isingemshangaza mzee wa kanisa wa Kiomboi. Wakaambiwa kwamba hayo yote hayatoshi.

Wako Waluteri wasomi watakaonijibu kwa Ungamo la Augsburg la mwaka 1530. Sehemu ya 7 inafundisha kwamba kwa umoja wa Kanisa inatosha Injili ihubiriwe kwa usafi na sakramenti zitolewe ipasavyo. Si lazima desturi za wanadamu zifanane kila mahali. Basi, watasema, mipaka ya mitaa ni desturi ya wanadamu. Nakubali kwamba mipaka ya mitaa ni desturi. Tumegawa mitaa mingi kwa haki, mto ulipofurika na watoto wakashindwa kuvuka, au kijiji kilipokua. Lakini Waluteri wa baadaye, katika Andiko la Mapatano la mwaka 1577, sehemu ya 10, waliongeza fundisho walilojifunza kwa machungu: kwamba wakati wa kukiri, mambo yale ambayo kwa kawaida ni huru hayawi huru tena, endapo kuyakubali kutaifanya Injili ionekane uongo. Kutoka 1577 hadi mkutano wa Dar es Salaam ni miaka 400. Vazi ni huru mpaka litakapotumika kumkana Kristo. Na mpaka wa mtaa ni huru mpaka utakapochorwa kufuata damu.

Isitoshe, jambo hili halikuanza na Waluteri. Petro alipokuwa Antiokia alikula na watu wa Mataifa, mpaka walipofika wageni kutoka Yerusalemu. Hapo akajitenga polepole, na wengine wakamfuata, hata Barnaba. Someni Wagalatia 2. Nadhani Petro naye alikuwa na sababu zake: wazee wasikwazike, amani idumu, wageni wataondoka wiki ijayo. Paulo hakumwandikia barua ya faragha. Alimpinga mbele ya wote, na shtaka lake lilikuwa kwamba mwenendo ule hauendi sawa na kweli ya Injili. Hakumshtaki kwa kukosa adabu za ugeni.

Nimeahidi kurudi kwenye neno amani. Barua inasema tukigawanyika tutaishi kwa amani. Nauliza: ni vita gani iliyopo sasa? Nimekuwa kwenye usharika huu miaka tisa. Ugomvi nilioamua ni wa mipaka ya mashamba, wa ng'ombe kuingia kwenye mtama, na mmoja mkali sana wa spika za kwaya. Kilichotokea mwaka jana ni uchaguzi wa wazee wa kanisa, ambapo kwa mara ya kwanza wale "wa kuja" walipata viti vingi kuliko wenyeji, kwa kura halali. Barua ikaandikwa miezi mitatu baadaye. Kwa hiyo amani inayotafutwa ni amani ya kutoongozwa na fulani. Kama ndivyo, iandikwe hivyo kwenye barua, tuijadili kwa jina lake.

Watu wengine hunituliza kwa kusema, "Tanzania hatuna ukabila, Mwalimu aliumaliza." Mwalimu mwenyewe hakusema hivyo. Mwaka 1995 alipozungumza na waandishi wa habari Dar es Salaam alihesabu nyufa alizoziona katika nyumba yetu, na ukabila ulikuwa mmojawapo. Serikali iliwapeleka vijana shule za mbali, ikawahamisha walimu na madaktari nchi nzima, ikatupa Kiswahili. Kanisa, kwa kuwa limejengwa na misheni zilizogawana maeneo, lilibaki karibu zaidi na kabila kuliko posta au reli. Ndiyo maana ninawavulia kofia waliotutangulia. Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa moja, la kwetu la Tanganyika ya Kati likiwemo. Mengine yalikuwa na majina ya makabila au nchi zao: la Iraqw, la Buhaya. Waliyaweka kando majina hayo ili wawe Kanisa moja, wakati nchi yenyewe ilikuwa na mwaka mmoja na nusu tu wa uhuru. Wale wazee hawakuwa wasomi wa vyuo vya theolojia kama sisi, na wengi walikijua Kiswahili cha kuungaunga.

Hoja ya lugha ndiyo ninayoiheshimu, na nisingependa mtu aseme kwamba nimeipuuza. Bibi wa miaka themanini ana haki ya kumsikia Mungu katika lugha aliyonyonya. Siku ya Pentekoste Roho hakuwalazimisha watu wote wajifunze lugha moja. Kila mmoja alisikia kwa lugha yake. Mimi mwenyewe kwenye misiba huhubiri kwa lugha ya nyumbani, na naona nyuso zinavyofunguka. Lakini tazameni kwamba siku ile ya Pentekoste lugha zilikuwa nyingi na kusanyiko lilikuwa moja. Tunaweza kusoma somo la Injili kwa lugha mbili. Tunaweza kuweka mfasiri, tunao vijana wenye uwezo huo. Tunaweza kuwa na ibada ya asubuhi na mapema kwa lugha ya wazee, iliyo wazi kwa yeyote, chini ya Baraza lilelile la Wazee na kwenye Meza ileile. Nimeyapendekeza yote matatu mbele ya waandishi wa barua. Waliyakataa yote, na mmoja akasema wazi kwamba lugha si tatizo hasa. Namshukuru kwa ukweli wake.

Kuna anayefikiri kwamba ninalinganisha sisimizi na tembo, barua ya mtaa mmoja wa Singida na mateso ya Afrika Kusini. Sinodi ya 1857 nayo ilikuwa sisimizi. Tena hata kule ambako tembo alianguka, kazi haikuisha. Mwaka 2008, miaka 14 baada ya foleni zile, watu zaidi ya 60 waliuawa katika vitongoji vya Afrika Kusini katika mashambulizi dhidi ya wageni, wengi wao Waafrika wenzao. Watu walisimamishwa njiani wakaulizwa kiwiko kinaitwaje kwa Kizulu, na asiyejua alipigwa. Msomaji wa Biblia atakumbuka vivuko vya Yordani katika Waamuzi 12, ambako watu waliuawa kwa kushindwa kutamka neno moja. Kwetu hatuulizi kiwiko. Tunauliza, "Huyu ni wa wapi?" na tunauliza kwa tabasamu, kwenye kamati ya harusi, kwenye kamati ya mazishi, na sasa kwenye Baraza la Wazee.

Msinielewe kwamba napiga vita makabila. Utani wetu ni mzuri, ngoma zetu ni nzuri, na kuku wa Singida ni mtamu bila kujali aliyemfuga. Napinga jambo moja, kwamba kabila liwe kigezo cha nani anapiga magoti karibu na nani. Mtu akija na ramani ya mto, ya kilima, ya idadi ya watoto wa shule ya Jumapili, nitaketi naye tuigawe mitaa hata mitano. Akija na ramani ya koo, sitaketi.

Kwa wale ambao bado hamjasaini, naomba msisaini, hata kama mletaji wa barua ni mjomba wako na amekuja na sukari. Kwa mliosaini, ninyi ni washarika wangu kama wengine. Hamjatengwa na hamtatengwa, majina yenu yamo katika kitabu cha usharika na ninawaombea nikiwataja mmoja mmoja. Jumapili ya Chakula cha Bwana njoni, na mtapokea kikombe kilekile baada au kabla ya wale wa ng'ambo ya barabara, kufuatana na mstari utakavyokuwa siku hiyo.

Barua itasomwa katika kikao kijacho cha usharika, kisha itakwenda jimboni pamoja na maoni yetu. Nitasema hapana, na nitaomba jina langu liandikwe kwenye muhtasari pamoja na sababu. Wazee wanne wamekwisha kuniambia kwamba watafanya hivyohivyo. Wawili kati yao ni wa kabila la waliosaini. Na kuanzia Jumapili ya kwanza ya Majilio somo la Injili litasomwa kwa lugha mbili, barua ipite au isipite. Tumekwisha kupata msomaji, ni binti wa wale wa kuja, aliyejifunza lugha ya hapa kwa bibi jirani yao.